Lenzi ya bei nafuu ya infraredi kwa Leica M8 na renjifainda nyingine kuukuu: wenye ujuzi njooni

Mwana_Kongowea

Salaam aleikum wanajukwaa. Nimepata Leica M8 ya mkono wa pili, kamera tupu bila lenzi, kwa bei ambayo sikuitarajia. Niliitaka kwa kazi moja tu, picha za infraredi, ule mwanga usioonekana kwa macho. Nataka majani ya minazi na miarobaini yatoke meupe na bahari ya Mama Ngina iwe nyeusi tii. Sasa pesa iliyobaki ni ya mawazo, na kila ninayemuuliza ananitajia Summicron, lenzi ghali ya Leica, kana kwamba mie nina meli Kilindini. Nyumbani nina lenzi ya Jupiter-8 aliyoniachia mjomba, ilikuwa kwenye kamera yake ya Zorki. Je, hiyo yatosha au nitafute nyingine? Na kama ni nyingine, ipi isiyoniua?

Kibokoni_39

Wa aleikum salaam ndugu yangu, na hongera kwa kamera. Keti, maana hili nitalijibu kwa urefu.

Kwanza kwa wale wanaojiuliza kwa nini mtu ahangaike na kamera ya mwaka 2006. M8 ilitoka na kioo chembamba sana cha kuzuia infraredi mbele ya sensa, nusu milimita tu, ili lenzi za pembe pana zisiharibu pembe za picha. Matokeo yake nguo nyeusi za nailoni zikawa zinatoka zambarau kwenye picha za arusi, wateja wakapiga kelele, na Leica wakawapa wenye kamera filta mbili za bure za kukata infraredi. Iliyokuwa balaa kwa mpiga arusi ndiyo neema kwetu. Huhitaji fundi wa kuifungua kamera na kung'oa kitu. Unafunga filta nyeusi ya nanomita 720, inayopitisha infraredi na kuzuia mwanga wa macho, unapiga. M9 ya 2009 waliunenepesha ule kioo hadi 0.8, kwa hiyo ukiambiwa "ongeza kidogo uchukue M9", kwa kazi hii usiongeze.

Ukitaka kuthibitisha, chukua rimoti ya tivi, ielekeze kwenye lenzi, bonyeza huku unapiga picha. Kile kitaa cha mbele usichokiona kwa macho utakikuta kimewaka kwenye picha.

Raha ya pili ya renjifainda, yaani kamera unayolenga kwa kidirisha kilicho pembeni ya lenzi, ni kidirisha hicho. Mwenye kamera ya kioo cha kupindua akifunga filta ya 720 haoni kitu, inabidi apange picha kwanza, afunge filta, aombe mti usitikisike. Sisi tunatazama pembeni ya lenzi. Filta iwe nyeusi kama chungu, kidirisha chako kiko wazi vilevile.

Sasa lenzi. Msimamo wangu huu hapa, na najua kuna watakaonirukia: kwa infraredi tafuta lenzi ya pembe pana, ndogo, isiyo na tundu kubwa la mwanga (ile namba ya f, namba ndogo ni tundu kubwa), yenye vipimo vya umbali vinavyosomeka, na uzi wa filta wa 39mm. Jina lililoandikwa mbele liwe la mwisho kabisa. Kwenye M8 hiyo ni 28mm, ambayo kwa sababu sensa ni ndogo kuliko filamu (mara 1.33) inakuwa kama 37mm. Color-Skopar 28mm f/3.5 ya Voigtländer, iliyotengenezwa na Cosina wa Japani, ndiyo ningeitafuta. Haitengenezwi tena lakini za mkono wa pili zapatikana. Ikikushinda, Snapshot-Skopar 25mm f/4, nayo ya kampuni hiyohiyo. Jupiter-8 usiitupe, lakini usiifanye ya kwanza. Nitarudi nieleze kwa nini, naitwa chakula.

Nyali_Raha

Kwa heshima zote Kibokoni, glasi nzuri ni glasi nzuri. Summicron ya 35 mtu ananunua mara moja, akiichoka anaiuza kwa bei ileile au zaidi. Hizo Skopar nani atazinunua kwako? Halafu f/2 inakupa uwezo wa jioni.

Kibokoni_39

Nimerudi. Nyali, la kuuza tena nakubaliana nawe. Mwenye pesa ya kuweka akiba kwenye glasi aweke. Lakini ndugu yetu ameuliza bei nafuu, na hiyo f/2 ataitumia lini? Jua likizama infraredi imekwenda nalo. Miti inang'aa kwa sababu jua limepiga jani na jani likaurudisha mwanga huo. Sisi wakati wetu ni saa tano hadi saa tisa, jua la utosi, wakati wapiga picha wengine wamejificha kwenye kahawa.

Tatizo kubwa ni fokasi. Mwanga wa infraredi haukutani mahali pamoja na ule tunaouona, unakutana nyuma kidogo. Ile renjifainda yako inapima kwa mwanga wa macho, kwa hiyo picha mbili zikigongana sawasawa kwenye kidirisha, kwa infraredi bado hujafika. Inabidi lenzi isogee mbele kidogo, yaani kana kwamba unalenga kitu cha karibu zaidi. Lenzi nyingi za zamani zina alama nyekundu au herufi R pembeni ya alama kuu ya umbali. Unalenga kawaida, unasoma umbali, kisha unauhamishia umbali huo kwenye R.

Kiasi cha kusogeza ni kama sehemu 1 ya 400 hadi 1 ya 300 ya urefu wa lenzi. Weka hiyo kwenye hesabu uone. Lenzi ya 28mm ikiwa imelengwa mbali kabisa, kwa infraredi inatakiwa isome kama mita 10 hivi. Ya 50mm isome kama mita 15 hadi 20. Sasa ukipiga kwa f/8 na 28mm kwenye M8, ukilenga mita 4 na robo tu, kila kitu kuanzia mita 2 na kitu hadi upeo wa macho ni safi. Yaani kosa lote la fokasi limemezwa. Kwa 50mm kwenye f/8 unahitaji kulenga mita 13 au 14 ili ufike mbali kabisa, hapo unaponea chupuchupu. Ukifungua hadi f/4 umbali huo unakwenda mita 27, na kosa limetoka nje. Ndiyo maana nasema pembe pana. Unalipia usalama, hulipii f/2.

Na usikimbilie f/16 ukidhani unajiongezea. Mawimbi ya infraredi ni marefu, kwa hiyo picha inaanza kulegea mapema. Kwa 750 dhidi ya 550 za mwanga wa kijani, f/8 yako ya infraredi inalegea kama f/11 ya kawaida. Mimi f/5.6 hadi f/8, basi.

Mwana_Kongowea

Ahsante sana, hili la mita sikuwahi kuelezwa na mtu. Na Jupiter je?

Kibokoni_39

Jupiter-8 ni mtoto wa Sonnar 50mm f/2 ya Zeiss, mchoro wa Ludwig Bertele, Wasovieti waliuchukua baada ya vita. Lenzi ina roho. Shida yake kwako ni tatu. Kwanza ni 50, na kwa M8 inakuwa kama 67, ya picha za uso zaidi kuliko mandhari. Pili, Jupiter nyingi hazikubaliani sawasawa na renjifainda ya Leica, maana vipimo vyake vilitokana na kamera za Contax. Ukiwa umeifungua na mtu yuko karibu, unalenga jicho unapata sikio. Ongeza na kosa la infraredi juu yake. Tatu, uzi wa filta ni 40.5mm. Hilo si baya, 40.5 inapatikana kuliko 40 ya Canon zile za zamani, ambayo utazunguka nayo.

Lakini iko nyumbani na haikugharimu kitu. Nunua adapta ya kutoka mfungo wa skrubu wa Jupiter kwenda mfungo wa M wa kamera yako, piga nayo kwa f/8, lenga kwa vipimo vya umbali badala ya kidirisha, ujifunze. Ukizoea utajua unataka nini.

Dada_Filamu

Naomba niingie kwa upande wa sisi tusio na M8. Mimi napiga na Canon P na filamu. Zamani watu walikuwa na Kodak HIE, ikafutwa 2007, na Efke IR820 ikafa kiwanda cha Kroatia kilipofungwa 2012. Iliyobaki ya maana ni Rollei Infrared 400, inaona hadi kama 820. Ilford SFX 200 inaishia karibu 740, kwa hiyo ukiifungia filta ya 720 umebakiwa na kijidirisha kidogo tu cha mwanga. Inafanya kazi, lakini utachoka kusubiri shata.

Rollei na filta ya 720 naihesabu kama ISO 12, na jua la Mombasa la saa sita hiyo ni f/8 kwa 1/50 hivi. Mkono unatosha. Siku ya mawingu mepesi naihesabu 6 na nategemeza kamera ukutani.

Jambo moja ambalo watu hawaambiwi: filamu ile imewekwa juu ya plastiki angavu, mwanga unapenya kwenye ule ulimi wa mwanzo na kuingia ndani ya kasha kama maji kwenye mfereji. Ipakie kivulini, bora chumbani. Ukiipakia nje kwenye jua la Makadara, picha za kwanza utazitoa sadaka.

Kwa lenzi, mie naungana na Kibokoni. Kwenye filamu 28mm ni 28mm kamili, na 35 yoyote ndogo inatosha. Jupiter-12 ya 35mm f/2.8 ni ya bei ya chini lakini glasi yake ya nyuma imechomoza mno ndani ya kamera. Kabla hujaifunga kwenye mwili wowote uliza aliyekwisha kuifunga, maana inaweza kugusa vitu visivyotaka kuguswa.

Mzee_wa_Tudor

Wanangu mwazungumza fokasi na mita, hamjataja adui wetu mkubwa. Kuvu! Hapa pwani lenzi kuukuu isipotunzwa yaota kuvu kama mkate. Lenzi ikitoka nje ikaja na nyuzinyuzi ndani, kama utando wa buibui mdogo kwenye ukingo wa glasi, musiipokee. Shikeni tochi ya simu, muimulike kutoka nyuma, mutazame kutoka mbele kwa pembe, tundu likiwa wazi kabisa. Vumbi kidogo halina neno. Ukungu mweupe wa kuenea ni tatizo kwa infraredi kuliko mudhaniavyo, kwa kuwa hupunguza weusi wa anga, na anga nyeusi ndiyo nusu ya picha.

Ukishainunua, usiiweke kwenye kile kifuko cha ngozi kilichokuja nayo. Ngozi hunywa unyevu. Mimi natia zangu kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, na silika jeli ile ya kubadilika rangi. Ikibadilika naianika jikoni ikauke. Na mutokapo chumba chenye eisii, msiifungue kamera papo hapo. Iacheni mkobani ipate joto, ama itatoka jasho hadi ndani.

Nyali_Raha

Mzee shikamoo. Hili la eisii limenikuta juzi, glasi yote ukungu nikadhani imeharibika.

Mzee_wa_Tudor

Marahaba. Itakauka, usiifute kwa shati.

Kibokoni_39

Mzee amesema. Niongeze lile ninaloliona kubwa kuliko yote, lile doa. Kuna lenzi nzuri kabisa kwa picha za kawaida ambazo ukizifungia filta ya 720 zinatoa duara jeupe katikati ya picha, kama mtu amewasha taa nyuma ya glasi. Inatokana na mwanga kurukaruka ndani ya lenzi. Rangi inayopakwa juu ya glasi imetengenezwa kwa mwanga wa macho, na hata rangi nyeusi ya ndani ya bomba, kwa infraredi si lazima iwe nyeusi. Doa hili huzidi kadiri unavyofunga tundu. Kwenye f/4 hulioni, f/11 limekaa kama sahani.

Na bei haihusiki hapa. Lenzi ya gharama kubwa inaweza kuwa nalo, ya bei ya chini isiwe nalo. Kwa hiyo usiamini orodha za mtandaoni peke yake, jaribu ile utakayoitumia, kwenye kamera utakayoitumia, maana sensa nayo inarudisha mwanga.

Jinsi ya kujaribu: tafuta ukuta mpana uliopakwa chokaa, uliopigwa na jua sawasawa, bila kivuli. Kule Mji wa Kale hazikosekani. Funga filta, sogea hadi ukuta ujaze fremu, piga picha kila tundu kuanzia lililo wazi kabisa hadi f/16. Fungua kwenye kompyuta, ongeza kontrasti hadi ichukize, tazama katikati. Ikiwa f/8 ni safi, umepata lenzi. Ikiwa doa limeanza f/5.6, rudisha kama unaweza.

Mkunazini_Boy

Swali la pembeni jamani. Nimeona picha za infraredi za mtaani, kina mama wamevaa buibui na buibui zimetoka kijivu, nyingine karibu nyeupe! Ni uhariri?

Kibokoni_39

Si uhariri. Vitambaa vingi vyeusi vya polyester havimezi infraredi, vinairudisha. Ndiyo ile zambarau ya M8 niliyoitaja juu. Hapa Mombasa utakutana nayo kila kona, watu wawili wamesimama pamoja wote kwa weusi, mmoja anatoka mkaa na mwenzake anatoka maziwa, kutegemea kitambaa na rangi yake. Mimi watu siwapigi bila kuomba, na kwa infraredi nawaeleza kabisa jinsi watakavyotoka, maana nguo yako kubadilika rangi kwenye picha ya mtu mwingine si jambo dogo.

Kwa ujumla piga vitu hivi uone tofauti: miarobaini (inang'aa vibaya sana), mikoko ya Tudor, Fort Jesus ikiwa na anga ya buluu nyuma, bahari. Maji yanameza infraredi, kwa hiyo bahari unayoitaka nyeusi utaipata bila hila. Mibuyu ya Mama Ngina subiri ipate majani baada ya masika. Kiangazi imepukutika, na mbuyu mtupu kwa infraredi ni mbuyu wa kawaida tu.

Mwana_Kongowea

Haya nimefika sokoni. Nimepata tatu. Color-Skopar 28mm f/3.5 safi, muuzaji yuko Uingereza. Snapshot-Skopar 25mm f/4, iko Japani, bei iko chini zaidi. Na Canon 28mm ya skrubu ya zamani, bei ya katikati, muuzaji anasema "ukungu kidogo". Nisaidieni kuchagua.

Mzee_wa_Tudor

Ya ukungu kidogo iacheni hukohuko.

Kibokoni_39

Mzee amekata, tumebaki na mbili.

Ile 25 haijaunganishwa na renjifainda. Yaani ukiizungusha, kile kidirisha cha fokasi hakitikisiki. Watu wengine huiogopa kwa hilo. Kwa infraredi halikukoseshi usingizi, kwa kuwa tumeshasema utalenga kwa vipimo: f/8, mita 3 na ushee, piga siku nzima. Fremu yake M8 haina, lakini ya 24 iko, na inatosha. Chukua adapta ya skrubu kwenda M ile ya 35/135, kwenye M8 inakuletea fremu za 24 na 35. Zote mbili, 25 na 28, zina uzi wa 39mm.

Ile 28 imeunganishwa, kwa hiyo utaitumia pia kwa picha za kawaida za familia na mtaani. Adapta yake ni ya 28/90. Kama kamera itakuwa ya infraredi peke yake, chukua 25 na tofauti ya pesa iende kwenye filta nzuri. Kama unataka lenzi moja ya kila kitu, lipa ya 28. Kumbuka bei ya mtandaoni si bei ya mlangoni. Kuna usafirishaji, kuna VAT ya asilimia 16, na ushuru mwingine watakaokutajia.

Filta: B+W 092 au Heliopan RG715 ndizo za kutafuta kwa 39mm. Ukikosa, nunua ringi ya kupandishia hadi 46 au 49 na uchukue filta ya 720 ya ukubwa huo. Usinunue zile zinazouzwa bila kutaja nanomita, nyingine ni kioo chekundu tu. Halafu kwenye menyu ya M8 zima kabisa utambuzi wa lenzi, ile ya "na filta ya UV/IR", isije ikaanza kukurekebishia rangi ambazo hazina tatizo. Piga DNG (faili ghafi), na weka JPEG iwe nyeusi na nyeupe, ili kwenye skrini usione zambarau tupu ukakata tamaa.

Nyali_Raha

Nimenyamaza lakini bado nasema Summicron.

Dada_Filamu

Nyali, sema huku ukiituma tuijaribu ukutani na sisi.

Nyali_Raha

😂 Jumamosi nitakuja nayo. Doa likionekana nitaisingizia filta.

Mwana_Kongowea

Nimeagiza 28, maana mke wangu naye anataka picha za watoto na sitaki kueleza kwa nini kamera ya bei hiyo haiwezi kulenga mtoto. Filta nimepata ya 49 na ringi. Ikifika nitaanza na Jupiter na 28 pamoja, ukuta uleule, siku ileile.

Dada_Filamu

Weka picha za ukuta hapa kabla ya za minazi, tafadhali. f/5.6, f/8 na f/11 za lenzi zote mbili, bila kuzirekebisha. Na Summicron ya Nyali pia.